Mtoto Anapomwita Mlezi Wake "Mama"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, msichana mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na ninafanya kazi ya uhasibu katika ofisi iliyopo Posta. Siku zangu 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa sababu mama yangu mzazi yuko Songea akimuuguza baba, na wasichana wawili wa kazi niliowaleta waliondoka kabla hata ya kumaliza mwezi. Jirani akanielekeza kwa Bi Zuhura, mjane wa miaka hamsini na kitu anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu, ambaye hulea watoto wa majirani nyumbani kwake wakati wazazi wao wako kazini. Kwa sasa analea watoto wanne, Imani wangu akiwa ndiye mdogo kuliko wote, na mpwa wake aliyemaliza kidato cha nne humsaidia kutwa nzima.

Ninampeleka Imani saa kumi na moja na nusu alfajiri, mara nyingi akiwa bado amelala, ili niwahi basi la mwendokasi kabla watu hawajajaa kituoni, na ninamfuata saa moja jioni. Bi Zuhura hana kibao mlangoni wala watoto wake hawavai sare. Hukaa barazani juu ya mkeka wakichezea vifuniko vya sufuria, vikombe vya plastiki na magunzi. Asubuhi wanakunywa uji, mchana wanakula wali au ndizi, wanaogeshwa na kulazwa. Mtoto anakua vizuri, uzito wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, na tangu aanze kwenda pale ameumwa mara moja tu.

Wiki tatu zilizopita nilimfuata kama kawaida, nikamkuta amekaa mapajani mwa Bi Zuhura akizungusha ncha ya kanga yake kwenye kidole. Nilipomnyooshea mikono aligeuza uso, akajificha ndani ya ile kanga na kusema "mama", na aliyekuwa akimwita si mimi. Nililia njia nzima ingawa njia yenyewe ni ya nyumba nne. Tangu siku hiyo amemwita hivyo mara kadhaa. Wifi yangu nilipomweleza alisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwamba mtoto akishaanza kumwita mwingine mama ujue umekwisha kumkabidhi.

Mume wangu hasumbuliwi na hilo jina. Hoja yake ni kwamba mtoto anapoteza muda mtaani, hafundishwi kitu, na kwamba liko jengo kubwa kando ya barabara ambako watoto wanafuatwa na gari la njano, wanavaa sare, wanaonyeshwa katuni za Kiingereza, na mzazi anaweza kumwona mtoto wake kupitia kamera kwenye simu. Ada yake ni kama mara nne ya ile ninayomlipa Bi Zuhura, ambaye kusema kweli nimemcheleweshea malipo mara mbili mwaka huu. Mume wangu anataka mtoto ahamishwe mwezi ujao. Mimi kwa upande mmoja naona ndiyo njia ya kumrudisha mwanangu kwangu, na kwa upande mwingine nikifikiria kumtoa pale roho inaniuma. Naomba ushauri wako.

Mama Imani, Kimara.

*

Marahaba, Mama Imani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye ile baraza ya saa moja jioni. Kabla ya kusema lolote kuhusu kuhama au kubaki, ningependa tumtazame Imani mwenyewe kama alivyokuwa saa ile. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale kati ya saa 11 na 14 katika siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo mtoto aliyeondolewa kitandani alfajiri anapofika saa moja jioni amekwisha kuchoka, na mtoto aliyechoka hataki kubadilishiwa mikono, hata kama mikono hiyo ni ya mama yake. Isitoshe, yuko katika umri ambao watoto karibu wote, kuanzia kama miezi minane hadi wanapopita mwaka na nusu, hung'ang'ania waliowazoea na kulia wanapotenganishwa nao. Nina hakika kwamba asubuhi akiamka njiani anakushika wewe shingo namna ile ile anapofika kwa Bi Zuhura. Hilo hukuliandika, huenda kwa sababu halikukuumiza.

Mtoto ambaye ningemwonea wasiwasi ni yule anayechukuliwa na yeyote, akabebwa na yeyote, asijali ni nani amekuja na nani ameondoka. Imani anajali. Anao watu wawili ambao akiwa kwao moyo wake unatulia, na siku ile alikuwa tayari ametulia kwa mmoja ulipofika kumtoa.

Kuhusu hilo jina, wifi yako amekutisha bure. Katika lugha yetu mtoto hazaliwi na mama mmoja tu: dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa, mdogo wake ni mama mdogo, na wengi wetu tuliokulia katika nyumba za ukoo tulikuwa na mama watatu au wanne kabla hatujajua ni yupi hasa aliyetuzaa, wala hakuna mzazi aliyepotelewa na mtoto kwa ajili hiyo. Kwa mtoto wa miezi 14 mwenye maneno machache, "mama" ni jina la yule anayemjibu akiita. Mwombe Bi Zuhura ajiite "bibi" kila anapozungumza naye, nawe mkiwa njiani mseme, "Tunakwenda kwa bibi." Maneno yatajipanga yenyewe. Ile methali ni ya kweli, nami nimezaa na ninaijua, lakini inazungumzia uchungu wa kuzaa. Tabia za mtoto, anavyolala, anavyokataa chakula, anavyolia akiwa na njaa na anavyolia akiwa na usingizi, hujifunza yeyote aliyekubali kukaa naye na kumtazama.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike, na lina ushahidi wa karibu na kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mume wake, akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani, akikaa nazo sebuleni kwa miezi kadhaa na kutazama namna watoto wachanga wanavyoshikamana na wazazi wao. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967, na wanaochunguza malezi ya watoto wadogo bado huyarejea. Aliwaona watoto wakishikamana na mama zao, na wengi wao wakishikamana pia na baba, bibi au ndugu waliokuwa wakiwatunza, bila mapenzi hayo kumpunguzia mama kitu. Jambo jingine aliloliona limenikaa kichwani tangu nilipolisoma. Akina mama walioweza kumsimulia kwa undani na kwa furaha habari ndogondogo za watoto wao ndio ambao watoto wao, kwa kawaida, walikuwa wametulia na wenye kujiamini zaidi. Anayemjua mtoto kwa undani ndiye aliyekuwa akimwangalia, na mtoto anayeangaliwa hulijua hilo.

Nililijua hili kwa mwili wangu kabla sijalisoma popote. Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro, na mwanangu wa pili nilimwachia jirani yetu, mke wa fundi wa reli, aliyekuwa akilea watoto watatu nyumbani kwake. Siku moja nilipotoka kazini nilimkuta amesimama mlangoni akinisubiri. Akaniambia, "Mwalimu, leo mtoto hakuomba maji baada ya kula, na alipolala alikunja miguu." Nilimgusa mtoto paji la uso, sikuona joto. Nilitaka kumpuuza, kwa sababu mtoto alikuwa akitembea na kucheka, lakini yule mama hakunipisha mlangoni mpaka nilipokubali kwenda zahanati. Walimpima damu kwa darubini wakakuta malaria, na usiku ule ule homa ikapanda mno, lakini ilimkuta amekwisha kumeza dawa ya kwanza. Mimi mzazi nilimgusa na sikuona. Yeye alikuwa amehesabu mara ngapi mtoto anaomba maji. Mwanangu sasa ana watoto wake, na kila anapopita Morogoro hushuka kumsalimia bibi yule.

Basi Jumamosi hii usiende kwa Bi Zuhura kumchukua mtoto na kuondoka. Nenda umekula, umepumzika, ukae mkekani na kumwambia, "Bi Zuhura, nisimulie Imani wako." Kisha nyamaza usikilize. Kama atakuambia kwamba mtoto anakula vizuri na analala vizuri, basi hajakuambia kitu bado, mwulize zaidi. Lakini kama atakuambia kwamba siku hizi anakataa uji mpaka apewe kijiko chake ashike, kwamba usingizi wa mchana hauji mpaka azungushe ncha ya kanga kwenye kidole, kwamba kati ya wenzake watatu yupo mmoja anayemfuata kila aendako na mwingine anayemwogopa, hapo utakuwa umepata jibu ambalo hakuna kibao cha mlangoni kinachoweza kukupa. Hii ndiyo faida kubwa ya malezi ya nyumbani yanapokuwa mazuri: watoto wanne kwa watu wazima wawili, na watu hao ni wale wale kila siku ya Mungu. Mtu hawezi kuwajua kwa namna hiyo watoto ishirini, hata awe na moyo mwema kiasi gani na cheti kizuri kiasi gani.

Naigeukia sasa hoja ya mume wako, ambayo ninaiheshimu kwa sababu ni hoja ya baba anayemtakia mema mwanawe. Anasema mtoto hafundishwi kitu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi unaotaja mambo matano ambayo mtoto mdogo anayahitaji kwa pamoja, yaani afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mambo hayo hayo ndiyo msingi wa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba 2021. Neno "mwitikio" hapo lina maana ya kawaida kabisa: mtoto akitoa sauti, mtu anamjibu, akinyoosha kidole, mtu anaangalia alikoonyesha na kulitaja jina la kile kitu.

Mpeleke mume wako barazani siku moja saa tatu asubuhi, Bi Zuhura akichambua mchele. Ataona ungo uko katikati na watoto wameuzunguka. Mkubwa wao anaokota vijiwe na kuvihesabu kwa sauti; anayemfuata anaambiwa, "Hiki ni chuya, weka huku; hiki ni kijiwe, weka kule"; na Imani wake anatia mkono kwenye mchele, anauinua na kuuachia, anautazama unavyomwagika, anarudia tena mara kumi. Mtoto wa umri ule anapofanya hivyo yuko darasani. Anajifunza uzito, anajifunza kwamba kitu kikiachiwa kinaanguka, anazoeza vidole ambavyo kesho vitashika kalamu, na anasikia Kiswahili kizuri cha mtu mzima kikielekezwa kwake yeye. Tena anawatazama waliomzidi umri na kuwaiga, jambo ambalo katika chumba cha watoto wa umri mmoja halipatikani kwa urahisi.

Kuhusu katuni za Kiingereza niseme wazi kwamba hazitamfundisha Kiingereza. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, nchini Marekani, waliwachukua watoto wa miezi tisa waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza wakawasikilizisha Kichina kwa vipindi 12. Waliokaa na mtu hai, akiwasomea na kucheza nao, walianza kuzitofautisha sauti za Kichina. Walioonyeshwa mtu yule yule kwenye televisheni, au waliosikilizishwa sauti yake tu, hawakupata kitu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe kabisa mbele ya televisheni au simu. Ushauri huo unamhusu Bi Zuhura pia, kwa hiyo uliza kama televisheni yake huwashwa watoto wakiwa macho.

Sisemi kwamba vituo vikubwa ni vibaya. Vipo vinavyoendeshwa kwa upendo na utaratibu mzuri, na Imani akifika miaka mitatu au minne, akiwa anaongea na kutaka kundi la kucheza nalo, huenda kituo kikawa mahali pake hasa. Lakini kama mume wako bado ana hamu na lile jengo, mwende pamoja muulize maswali mawili: ni watoto wangapi wa umri wa Imani wanaoangaliwa na mlezi mmoja, na walezi waliopo leo wameanza kazi lini. Mkiambiwa watoto kumi na kuendelea, na walezi walioingia mwezi uliopita, basi ile kamera itawaonyesha mtoto akilia bila kuwaonyesha nani wa kumbeba. Msisahau pia kwamba penye watoto wachanga wengi katika chumba kimoja mafua na kuhara huzunguka upesi, na ofisi yako sidhani kama itakuruhusu kukaa nyumbani kila mara.

Hata hivyo, nyumba kuwa ya jirani mwema hakuifanyi kuwa salama yenyewe, na ningekuwa ninakudanganya kama ningekusifia mapenzi tu nikaacha ndoo. Mtoto wa umri wa Imani anaweza kuzama katika ndoo ambayo maji yake hayafiki hata nusu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akishainama hawezi kujiinua. Kwa hiyo ndoo zote za uani zifunikwe kwa mfuniko unaobana, au ziwekwe ndani ya chumba kinachofungwa. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Jiko la mkaa likae nje, mahali ambapo mtoto hafiki na moshi hauingii wanapolala. Dawa za wakubwa, zikiwemo zile za presha ambazo watu wengi wa umri wa Bi Zuhura wanazo, ziwe juu na ndani ya kitu kinachofungwa. Geti au mlango wa mbele uwe na komeo la juu. Mtoto asipewe karanga nzima wala pipi ngumu. Akiharisha, Bi Zuhura awe na pakiti za ORS, yaani ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na ajue kuzichanganya, na wewe upigiwe simu siku hiyo hiyo.

Kuna swali moja ambalo wazazi wengi huona haya kuliuliza, nami nakuomba usiione: ni nani mwingine anayeingia katika nyumba hiyo mchana? Mpwa unamjua. Je, yupo mpangaji, kaka, rafiki wa mpwa, fundi anayekuja na kuondoka? Mtoto asiachwe peke yake na yeyote kati ya hao, na Bi Zuhura aseme kwa kinywa chake kwamba amelielewa hilo. Mlezi anayejua kazi yake hatachukia kuulizwa. Wewe nawe ujipe ruhusa ya kufika bila taarifa, saa sita mchana siku uliyoomba ruhusa kazini, ukakuta mambo yalivyo.

Jambo jingine ni la kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe. Bi Zuhura alianza kwa kuwasaidia majirani na huenda hajawahi kufikiria kwamba anachofanya kina sura ya kituo. Msindikize kwa Afisa Ustawi wa Jamii, mkaulize nyumba kama yake, yenye watoto wanne, inatakiwa kufanya nini. Wengi huwakwepa maofisa hawa kwa kuogopa kufungiwa. Ninaamini ni heri kwenda mwenyewe na kuelekezwa, kwa sababu mlezi anayetambulika anaweza kupata mafunzo, na wazazi wanajua pa kwenda kama kuna tatizo.

Nimeona pia kwamba mtoto wako anakaa pale kwa zaidi ya saa 13 kwa siku. Sikulaumu, ninaijua barabara hiyo. Lakini kama bado unamnyonyesha, ujue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili hiyo. Posta hadi Kimara huwezi kwenda na kurudi mchana. Zungumza na mkuu wako wa kazi uone kama saa hizo unaweza kuzitumia mwishoni mwa siku, utoke mapema. Ukimfuata Imani saa kumi na moja, akiwa ameamka kutoka usingizi wa mchana na ana nguvu, utapokewa na mtoto tofauti kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe hadi miaka miwili au zaidi, kwa hiyo hata kama hujaacha, huna sababu ya kuharakisha. Lile titi la jioni ni lenu wawili, na Bi Zuhura hana cha kulifananisha nalo.

Na hata usipopata ruhusa hiyo, badilisha namna unavyomfuata. Ukifika, usimnyooshee mikono papo hapo. Vua viatu, kaa mkekani karibu yake, msalimie Bi Zuhura taratibu, ongea naye habari za siku hiyo, na mwache Imani akutazame ukiwa unacheka na mtu anayempenda. Dakika kumi zinatosha. Atakuja mwenyewe, pengine akiwa na kifuniko cha sufuria mkononi akupe, na ukipewa kipokee. Mtoto akiona watu wake wawili wanapatana, haoni kwamba anaporwa kutoka kwa mmoja kupelekwa kwa mwingine. Mkifika nyumbani simu iweke chumbani mpaka atakapolala. Mwogeshe wewe, mlishe wewe, mbebe mgongoni wakati unapika. Siku ya Jumapili ni yako nzima.

Nimebakiza jambo ambalo uliliandika kwa haraka, katikati ya sentensi: kwamba umemcheleweshea malipo mara mbili. Mama Imani, mwanamke huyu anafungua mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ananunua unga wa uji, sabuni na mkaa kabla wewe hujapokea mshahara. Kazi yake ndiyo inayokuwezesha wewe kufanya ya kwako, na kwa kuwa inafanyika kwenye mkeka, na mtu tunayemwita bibi, tunajisahau na kuiona kama fadhili. Kaeni chini mpatane kwa maandishi, hata kwenye daftari la shule: tarehe ya malipo, nyongeza ya siku unazochelewa kumfuata mtoto, siku zake za kupumzika, na nani atamlea Imani siku Bi Zuhura akiumwa. Zungumza na wazazi wa wale watoto watatu wengine, muone kama mnaweza kuchangia kwa pamoja mifuniko ya ndoo, komeo la geti na chandarua kipya cha kulalia watoto mchana. Ile tofauti ya ada ambayo mume wako yuko tayari kuitoa kwa jengo la barabarani, hata robo yake tu ikiingia katika nyumba hii, itafanya mengi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mtoto asihamishwe mwezi ujao, akiwa katika umri ambao kuachishwa mtu aliyemzoea kunauma zaidi, kwa sababu ya neno moja alilolisema akiwa amechoka. Fanyeni ule ukaguzi Jumamosi, wewe na mume wako pamoja, yeye mwenyewe akae mkekani asikilize Bi Zuhura akimsimulia binti yake. Kama majibu yatawaridhisha, abaki hapo angalau mpaka atakapofika miaka mitatu. Kama kuna jambo la usalama ambalo Bi Zuhura hawezi au hataki kulirekebisha, muondoeni bila kuona haya, lakini mumwachishe pole pole, na muendelee kumpeleka kumwona bibi yake.

Na kama malipo ya mwezi huu bado hayajamfikia, mpelekee kesho alfajiri, umkabidhi mkononi pamoja na mtoto, kabla hujakimbilia kituo cha mwendokasi.

Shangazi yako.